Kabamazepini: namna ya kuimeza, kuitunza na kukaa nayo

Bahasha ndogo ya karatasi, juu yake mtu ameandika kwa peni ya bluu "1×2", na chini yake "kutwa". Hayo ndiyo maelezo ambayo wagonjwa wengi huondoka nayo dirishani. Kwa panadol yanatosha. Kwa kabamazepini, dawa ya kifafa na maradhi mengine, hayatoshi, na ndiyo sababu nimeamua kukaa chini niandike.

Mimi ni mfamasia hapa Dodoma mjini. Wazee wa Kigogo wakinikuta dirishani wananisalimu "Mbukwa, dokta", nami nimeshachoka kuwaambia kwamba mimi si daktari, mimi nahesabu vidonge. Upande wa pili wa dirisha nao naujua, maana mjomba wangu wa Mpwapwa ana kifafa na anatumia dawa hii miaka mingi sasa. Nimeshasikia ikilaumiwa kwa kila namna: haifanyi kazi, inamlewesha, imemzidishia. Ukikaa na mgonjwa dakika kumi bila kumkimbiza, mara nyingi unakuta dawa imesingiziwa. Ilianzwa kwa pupa, au inamezwa ovyo ovyo, au imeingia unyevu, au imegombana na dawa nyingine. Kabamazepini haipendi haraka na haipendi kushtukizwa. Mengi yaliyomo humu yanatokana na tabia hiyo moja.

Kwenye boksi utasoma Carbamazepine, na watu wa zamani wanaijua kwa jina la biashara, Tegretol. Aliyeitengeneza mara ya kwanza ni mkemia Walter Schindler, mwaka 1953, katika kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi. Kwa hiyo anayekwambia unafanyiwa majaribio mwambie dawa hii ina umri wa kuwa na wajukuu.

Hatua ya 1: Jua unaimezea ugonjwa gani

Seli za mishipa ya fahamu zinapitishiana umeme kwa kufungua na kufunga vijilango vidogo vya sodiamu. Seli zikichachamaa, vijilango vinafunguka mfululizo bila kupumzika. Kabamazepini inavichelewesha kufunguka tena, basi ule umeme wa kupita kiasi unakosa njia. Ndiyo maana dawa moja inatibu magonjwa matatu ambayo kwa macho hayafanani.

La kwanza ni kifafa, hasa kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: mkono mmoja unacheza peke yake, mdomo unavutwa upande, au mtu anasikia harufu ambayo wengine hawaisikii, kisha ndipo anazimika. Inasaidia pia kile cha kuanguka na kutetemeka mwili mzima.

La pili ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mtu analala saa mbili tu usiku na haoni uchovu, anaongea bila kituo, anatafuta mnunuzi wa shamba lake lote la mizabibu usiku wa manane kwa sababu ameona biashara kubwa zaidi. Miezi michache baadaye huyohuyo hainuki kitandani. Kabamazepini kwa kawaida si dawa ya kwanza kwa baipola, lakini hutumika, hasa pale nyingine zinapomkataa mgonjwa.

La tatu watu wengi hawalijui: maumivu ya neva ya uso. Ni kama shoti ya umeme shavuni, inakuja ukitafuna, ukipiga mswaki, au ukipigwa na ule upepo wetu wa mwezi wa saba. Nimehudumia watu waliong'olewa magego mazima, mawili, matatu, kabla ya mtu kugundua kwamba jino halina kosa.

Nalitaja hili la tatu kwa makusudi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapa kwetu, na Tanzania nzima jina lake limegeuzwa utani: "huyo apelekwe Mirembe". Sasa mzee wa watu ana maumivu ya shavu, mjukuu wake anatafuta jina la dawa kwenye simu, anamsomea kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Mzee anaitupa chooni. Muulize aliyekuandikia: "Hii ni ya nini kwangu?" Jibu liandike juu ya bahasha, kwa Kiswahili.

Kuna vifafa ambavyo dawa hii inaweza kuvizidisha. Mtoto anayeduwaa ghafla sekunde chache katikati ya sentensi, macho yamekodolea ukutani, kisha anaendelea kama hakuna kitu, si wa kabamazepini. Wala anayeshtuka mikono asubuhi mpaka kikombe cha chai kinamponyoka. Ukiona dalili hizo ziambie kliniki mapema. Na degedege la homa kwa mtoto mdogo ni jambo jingine kabisa. Usimpe vidonge vya shangazi yake.

Hatua ya 2: Kabla ya kidonge cha kwanza, sema yote

Sema kama una mimba au unaitafuta. Sema kama unatumia ARV, dawa za TB, za presha, au za kupanga uzazi. Sema kama umewahi kuvimba au kutoka upele kwa dawa nyingine ya kifafa, kama moyo wako umewahi kuambiwa una hitilafu ya mapigo, kama ini au uboho umewahi kusumbua. Wenye asili ya Asia, na hapa mjini wapo, wataje asili yao: baadhi yao wana chembe ya urithi inayoongeza sana hatari ya mzio mkali wa ngozi kwa dawa hii, na kuna kipimo chake.

Kama uwezo upo, pimwa damu kwanza: wingi wa chembe za damu, ini, na kiwango cha chumvi ya sodiamu. Majibu hayo yatunze. Thamani yake utaiona mwezi wa tatu, pale daktari atakapotaka kulinganisha.

Hatua ya 3: Anza kidogo, panda polepole

Kidonge cha kawaida kina miligramu 200. Mtu mzima mwenye kifafa huanza na 100 hadi 200, mara moja au mbili kwa siku, kisha kinaongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili hivi. Wengi hutulia kati ya miligramu 800 na 1,200 kwa siku nzima. Wa neva ya uso naye huanza na 100, na mara nyingi hutulia kati ya 400 na 800 kwa siku. Watoto hupimiwa kwa kilo zao. Namba hizi nimezitaja ili usishtuke ukiona dozi yako inaanza na nusu kidonge. Kipimo chako kinatoka kwa aliyekuona.

Mjomba wangu alipoanza, aliona nusu kidonge ni dharau. "Mtu mzima kama mimi nipewe nusu?" Siku ya pili akameza viwili asubuhi, viwili jioni. Siku ya tatu alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, anaona milango miwili, anayumba kama ametoka kilabuni. Akaapa hatagusa tena. Ilichukua karibu mwaka mmoja na makovu mawili ya moto kumrudisha kwenye dozi ileile ya nusu, na safari hii akapanda ngazi moja moja mpaka leo.

Kizunguzungu, usingizi, kuona viwili viwili na kichefuchefu vya wiki za mwanzo ni vya kawaida na hupungua. Vikizidi, rudi kliniki wapunguze mwendo wa kupanda. Usiache.

Kuna jambo jingine ambalo mgonjwa huambiwa mara chache. Ini likishaizoea kabamazepini huanza kuivunja kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Hii huchukua wiki tatu hadi tano. Kwa hiyo mtu alitulia vizuri mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anaanguka tena, familia inasema dawa imeshindwa, twende kwa mganga. Haijashindwa. Kiasi kilichobaki damuni kimepungua, dozi inatakiwa kuongezwa. Daktari akikuongezea mwezi wa pili usidhani ugonjwa umekua.

Hatua ya 4: Panga saa

Neno "kutwa" limetuponza. Kwa Kiswahili chetu kutwa ni tangu jua linachomoza mpaka linazama. Mgonjwa anasoma "1×2 kutwa", anameza kimoja saa mbili asubuhi baada ya chai, na cha pili saa tisa alasiri akitoka shamba. Hajakosea kusoma. Lakini toka saa tisa alasiri mpaka saa mbili ya kesho yake ni saa kumi na saba. Dawa inapungua damuni usiku kucha, na alfajiri kifafa kinamshika akiwa kitandani.

"1×2" ni kila baada ya saa kumi na mbili. Rahisi kuliko yote ni kutumia saa inayofanana: saa moja na saa moja, au saa mbili na saa mbili. Mjomba anafuata taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtangazaji akisalimia, mkono wake unaenda kwenye kopo. "1×3" ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kama ratiba hiyo inakushinda, uliza kama upo uwezekano wa vidonge vya kuachia dawa taratibu, ambavyo humezwa mara mbili.

Kwa ndugu zetu Waislamu, na Kondoa ni wengi, Ramadhani inahitaji mazungumzo ya mapema. Futari na daku hazigawi siku sawasawa. Kutoka daku mpaka futari ni zaidi ya saa kumi na tatu. Aliyetulia muda mrefu anaweza kupangiwa na daktari wiki kadhaa kabla. Ambaye kifafa bado kinamwangusha, mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini, na mashehe wanalijua hilo kuliko mimi.

Hatua ya 5: Meza hivi

Meza ukiwa umekula, na maji ya kutosha. Uji wa uwele unatosha, ugali na mlenda ni bora zaidi. Vidonge vya kawaida vinaweza kukatwa. Vile vya kuachia taratibu, ambavyo mara nyingi vina herufi CR baada ya jina, usivitwange wala kuvitafuna. Ukivivunja dawa yote inamwagika kwa mkupuo. Vingine vina mstari wa kukatia nusu, hivyo ruksa kukata hapo tu. Ya maji ya watoto itikise kila mara, na upime kwa kijiko au bomba lililokuja na chupa. Kijiko cha chai cha kwako na cha jirani havilingani.

Halafu kuna suala la zabibu, ambalo ni la hapa kwetu kabisa. Karatasi ya maelezo ndani ya boksi, kwa Kiingereza, inakataza tunda moja ambalo jina lake limeanza na neno la zabibu. Kijana wa kidato cha nne akilitafsiri haraka haraka, familia nzima ya Hombolo inaacha kula zabibu zake yenyewe. Tunda linalokatazwa ni balungi, lile kubwa la jamii ya machungwa, chungu kidogo. Balungi linazuia dawa isivunjwe, inajaa damuni. Zabibu kula. Divai ya Dodoma ni mjadala mwingine: pombe yoyote inaongeza usingizi wa dawa hii na inaita kifafa, iwe ya chupa au ya kienyeji.

Hatua ya 6: Ukisahau

Meza mara tu ukikumbuka. Kama zimebaki saa chache kufikia dozi inayofuata, iache ile iliyopita, endelea na ya mbele. Usifidie kwa kumeza mbili pamoja. Ndiyo yaliyomkuta mjomba mlangoni. Ukiwa umesahau siku nzima au zaidi, piga simu kliniki kabla ya kurudia dozi kubwa.

Hatua ya 7: Dawa zinazogombana nayo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia huku kila mmoja akidhani amefuata maelekezo. Kabamazepini inaliamsha ini livunje dawa nyingine haraka. Dawa yako nyingine inabaki jina tu.

*Uzazi wa mpango.* Vidonge vya majira vinapunguzwa nguvu. Vijiti vya mkononi navyo. Hata P2 ya dharura. Nimempokea dada mmoja mwenye kijiti ambacho hakijafika hata nusu ya muda wake, kadi ya kliniki ya wajawazito mkononi, mumewe hataki kuamini. Hakuna aliyemuuliza kama ana kifafa, na yeye hakusema, kwa sababu alikuwa amekwenda kwa ajili ya kijiti, kifafa kilikuwa cha dirisha jingine. Zinazobaki na nguvu yake ni sindano ya miezi mitatu na kitanzi.

*ARV.* Dozi inayotumika zaidi sasa ina dolutegravir, na kabamazepini inaishusha. Mtu anameza kila siku na virusi vinapanda. Kliniki ya CTC, ile ya ARV, wakijua, wanaweza kukuongezea dolutegravir ya miligramu 50 nyingine baada ya saa kumi na mbili, au kukubadilishia dawa ya kifafa. Wasipojua hawawezi kufanya lolote. Najua unyanyapaa wa kubeba magonjwa mawili. Lakini kadi zote mbili ziwe kwenye mfuko mmoja.

*TB.* Rifampisini inaishusha kabamazepini. Isoniazidi, hata ile ya kinga, inaipandisha mpaka mtu anaanza kuyumba. Usianze wala kumaliza dawa za TB bila kliniki ya kifafa kufahamu.

*Malaria.* Homa yenyewe inaita kifafa, kwa hiyo usiivumilie. Pima. Dawa ya mseto inaweza kupungua nguvu mwilini mwa anayetumia kabamazepini. Imalize yote, ule chakula chenye mafuta kidogo, na kama siku ya tatu homa bado ipo, rudi ukapimwe tena. Kushusha homa, panadol kwa kipimo chake cha kawaida haina ugomvi.

*Za kununua mtaani.* Erithromaisini ya kifua na flukonazoli ya fangasi zinaipandisha kabamazepini. Tramado na siprofloksasini zinaweza kuita kifafa zenyewe. Ukifika duka lolote la dawa, sentensi yako ya kwanza, kabla hata ya kueleza kikohozi, iwe: "Natumia kabamazepini." Muuzaji asipojali, nenda duka la pili.

Dawa za kienyeji sitazisema vibaya, bibi yangu alizitumia. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyepima zinavyokaa na kabamazepini tumboni. Na mganga anayekwambia uache vidonge ili yake ifanye kazi, huyo muage.

Hatua ya 8: Wanawake wanaotarajia kuzaa

Usiiache ghafla ukigundua una mimba. Anguko moja la kifafa linaweza kumdhuru mama na mtoto kuliko kidonge. Ni kweli dawa inaongeza kidogo hatari ya mtoto kuzaliwa na tatizo la uti wa mgongo. Ndiyo sababu foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku inaanzwa kabla ya kushika mimba, siyo mwezi wa tano. Foliki iliyomo kwenye FEFO ya kliniki ni kiasi kidogo, haikutoshi. Kunyonyesha huku ukitumia kabamazepini kunaruhusiwa. Mwangalie mtoto kama anasinzia kupita kiasi au hanyonyi vizuri.

Kuna dawa nyingine ya kifafa na baipola, valproeti, ambayo watu huichanganya na hii. Hiyo kwa mimba ni hatari zaidi sana: kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya ukuaji wa akili. Binti anayepewa valproeti aulize, tena aulize mbele ya mama yake, kama hakuna mbadala.

Hatua ya 9: Dalili za kukimbilia hospitali

Upele wowote, onyesha siku hiyohiyo. Upele ukija pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, malengelenge au ngozi kubanduka, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali sasa hivi. Huu ni mzio unaoua, na mara nyingi hutokea ndani ya wiki nane za kwanza. Ni mahali pekee kwenye mwongozo huu ninapokwambia uache kabla ya kuuliza, na ukifika waeleze kwamba una kifafa ili wakupe kinga nyingine.

Nyingine: koo na homa isiyoisha, michubuko bila kugongwa, fizi kutoka damu, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Mzee anayetumia pia dawa ya presha ya kukojoza akianza kuchanganyikiwa na kulalamika kichwa, apimwe sodiamu. Na mtu akianza kusema maneno ya kukata tamaa, kwamba afadhali afe, msimwache peke yake. Mpelekeni akazungumze na mtu siku hiyo. Ni madhara yanayojulikana ya dawa za kifafa kwa watu wachache, ukiacha kwamba baipola yenyewe inaweza kuyaleta.

Hatua ya 10: Itunze kavu

Mama mmoja wa Bahi aliniletea vidonge vyake, akaniambia vimekuwa mawe. Nilijaribu kukata kimoja kwa kisu cha trei ya kuhesabia, kisu kiliteleza. Alikuwa akiviweka kwenye mfuko laini wa plastiki, mfuko umefungwa kwenye ncha ya kanga, kanga imening'inizwa juu ya mtungi wa maji kwa sababu hapo ndipo penye ubaridi. Wazo la ubaridi ni zuri. Tatizo ni unyevu. Kabamazepini ikinyonya unyevu inakuwa ngumu, haiyeyuki tumboni, na unaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu yake. Mama alikuwa anameza dozi kamili na kupata sehemu yake.

Iache kwenye pakiti yake mpaka siku ya kuimeza. Ikiwa ya kuhesabiwa kutoka kopo kubwa, omba ya mwezi mmoja tu, uiweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana, chumba cha kulala, mbali na jiko, mtungi na bafu, na mbali na mikono ya watoto. Dodoma ni kavu, lakini kuanzia Desemba mpaka Aprili usiiamini.

Na kama umetulia na vidonge vya kiwanda fulani, jitahidi ubaki na hichohicho. Rangi au boksi likibadilika, uliza kabla ya kuondoka dirishani.

Hatua ya 11: Isikukatikie

Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokata, na hicho kinaua. Anayemeza vidonge viwili kwa siku, vikibaki 14 ana wiki moja; hiyo ndiyo siku ya kwenda kuchukua, siyo vikibaki viwili. Msimu wa kulima, ukihamia shamba la mbali wiki tatu, hesabu siku, ongeza tano za mvua na barabara. Kwenye treni au basi, dawa ikae mfukoni, siyo kwenye begi la chini. Ukikosa hela, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla dawa haijaisha, ueleze hali yako.

Kuacha kabisa kupo. Kwa kifafa, daktari huanza kulifikiria baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na hupunguza kwa miezi. Kwa baipola hesabu ni nyingine.

Hatua ya 12: Akianguka licha ya dawa

Angalia saa. Ondoa mafiga, jembe, kiti. Weka nguo chini ya kichwa, legeza shingo. Usimshike kumzuia, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimnusishe kiberiti. Kutetemeka kukikoma mlaze ubavu ili mate yatoke. Yale mate hayaambukizi kitu, mguse. Makovu ya mjomba ni ya siku aliyoangukia jikoni, na watu wanne walisimama wakimtazama anaungua kwa kuogopa povu. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ameanguka majini, mpelekeni hospitali.

Asiendeshe bodaboda, asioge mtoni peke yake, na alale usingizi wa kutosha. Mkesha mmoja wa msiba unatosha kumrudisha nyuma.

Hatua ya 13: Daftari

La shule, la kurasa 40, linatosha. Shangazi, mke wa mjomba, ndiye mwandishi. Tarehe, saa, dakika ngapi, upande gani ulianza, alikuwa amefanya nini jana yake, dawa ilimezwa saa ngapi. Siku ya kliniki anabeba daftari na boksi lenyewe la dawa, siyo jina la kukumbuka kichwani. Ukurasa wake wa mwisho niliousoma una mstari mmoja kwa mwezi mzima: "Alhamisi, saa 9 usiku, dakika 2. Tulikuwa matangani kwa kaka. Ya saa mbili aliisahau nyumbani kwenye koti." Daktari alisoma, akafunga daftari, dozi akaiacha vilevile.